Ndoo Mbili za Zahanati

Ilianza Jumamosi, saa saba na dakika ishirini mchana. Nakumbuka kwa sababu nesi aliitazama saa yake kabla ya kuniambia, "Mdogo wangu, dada yako yuko karibu kujifungua. Niletee maji ndoo mbili, hapa sina hata ya kunawa."

Zahanati yetu ni nzuri kwa macho. Ina marumaru, ina taa za sola, na nje kuna tenki kubwa la kukinga maji ya mvua. Mvua yenyewe ndiyo hatujaiona. Kwa hiyo anayekwenda kujifungua anabeba kanga, na ndugu zake wanabeba maji. Sisi tulikuja na dumu moja, likaisha asubuhi.

Mama alinifuata mpaka mlangoni. "Usimwambie mtu kwamba dada yako ana uchungu. Ukiulizwa, sema maji ya nyumbani."

Kwetu uchungu hautangazwi. Wanasema wengi wakijua, mtoto anachelewa kutoka. Sijui kama naamini. Nilisema ndiyo, nikaondoka.

Maji ya bwawa la Manchira yanakwenda Mugumu mjini. Sisi huku kijijini tuna kisima kimoja cha pampu ya sola. Jua tunalo la kugawia mikoa mingine, lakini kisima hakijali jua, maji yanatoka membamba kama uzi. Tena jioni, jua likilegea, pampu inanyamaza.

Foleni ilikuwa ya madumu, wenye madumu wamekaa kwenye kivuli cha tenki la kisima. Mbele yangu yalikuwa ishirini na sita. Mwenye mgonjwa zahanati huwa anapishwa, ni kusema tu. Lakini wangeniuliza ni nani na anaumwa nini, na mimi uongo ukitoka mdomoni mwangu kila mtu anauona.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba! Kumbe una mdomo," alisema jirani yetu, mama mnene anayependa utani. "Mbona unachezacheza miguu? Choo kiko kule."

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, anawahi mchumba."

"Mchumba gani wa kumsubiri bubu?"

Mama anayesimamia bomba akaniuliza, "Una haraka ya nini, binti?"

"Maji ya nyumbani, mama."

"Basi nyumbani hakukimbii."

Nikakaa juani, maana kivulini kulikuwa na macho mengi. Mara tatu nilisimama niseme. Mara tatu nikajifanya nanyoosha kanga yangu, nikakaa tena. Saa tisa ikapita. Saa kumi. Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limeinama, na ndoo ya pili haikufika nusu, pampu ikakata.

Niliporudi nesi alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu vyake vina damu. Mtoto alikuwa amezaliwa saa tisa na nusu, wa kike. Dada alitoka damu nyingi, na nesi alikimbia chumbani kwake, nyuma ya zahanati, akaleta dumu lake la kunywa na kupikia. Likaisha lote.

"Usilie," aliniambia. "Wako salama."

Ndani, mama alikuwa akimfunika mtoto kanga. Dada ndiye aliyegeuza kichwa, midomo imemkauka. "Ulikuwa wapi?"

Nilisimama na ndoo mkononi. Kama ningesema nilikuwa kwenye foleni, ingekuwa kweli, na isingekuwa jibu.

Jumapili nilifika bombani saa kumi na mbili asubuhi, nikapanga dumu langu, likawa la tano kwenye foleni. Wale akina mama walikuwa wamekwishasikia kwamba dada amejifungua. Walinipigia vigelegele, nikatazama chini.

"Ungesema tu, mwanangu, tungekupisha," alisema mama wa bomba.

Jirani yetu hakutania safari hii. Alinisogelea, akaongea taratibu. "Mimi nilijua tangu nilipokuona unakaa juani. Lakini na mimi ningetaja vipi?"

Tulingoja jua lipande, pampu ianze. Dumu lilipojaa sikulipeleka nyumbani. Nililibeba mpaka nyuma ya zahanati, nikaliweka mlangoni kwa nesi. Nilisikia anakohoa ndani. Nilinyanyua mkono nibishe hodi, nikaushusha, nikaondoka.