Senti Kumi Isiyo na Tundu

Juzi, rafiki yangu, bei imepanda tena. Nilikuwa nimejikinga mvua kwenye kibanda cha chai pale Kitengela, nikafungua simu, nikaiona: senti kumi ya zamani, isiyo na tundu katikati, imeuzwa kwa mnada huko ng'ambo kwa pesa za kujaza boma ng'ombe. Chai ikanishinda. Sarafu kama hiyo niko nayo nyumbani, na yangu haina bei, kwa sababu niliitoboa mwenyewe.

Kama umewahi kushika senti kumi za zamani, unajua zilikuwa na tundu. Ya Koko haikuwa nalo. Koko ndiye nyanya yangu, mama ya baba, aliyenilea nje kidogo ya Noonkopir, hapo hapo Kitengela, wakati swara walikuwa bado wanakuja mpaka karibu na ua. Akiwa msichana alimpikia mzungu mmoja aliyefanya kazi ya mambo ya pesa Nairobi. Siku ya kuondoka, mzungu akampa sarafu hiyo, akamwambia ni ya majaribio tu, iliyopigwa kabla ya zile za sokoni, na ziko chache sana. Koko akaitia ndani ya kopo lake la ugoro, chini ya kitanda.

Siku za soko tulikuwa tukienda Kajiado, na huko kulikuwa na mnunuzi wa vitu vya kale. Mara ya kwanza alimtajia Koko bei ya mbuzi. Koko akakataa. Baada ya miaka miwili akataja bei ya mtamba, akaeleza kwamba wanaokusanya sarafu wanazidi kuongezeka, lakini zile za majaribio haziongezeki. Koko alicheka mpaka akakohoa.

"Wacha ichunge," akasema. "Bado inanenepa."

Alikuwa akiingoja ifikie karo yangu ya sekondari. Aliniambia hivyo nikikamua mbuzi, na nilimwelewa vizuri, kwa hivyo usinitetee.

Jirani yetu alikuwa mama Mkamba, ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani. Kwenye ua wa miiba kati yetu kulikuwa na pengo, na kila jioni alipita pale na bakuli la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya kwao, akarudi na maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi wa oloirien, ule mti tunaosafishia vibuyu. Wawili hao walikaa mlangoni wakinusa ugoro wa kopo moja, wakichekana Kiswahili chao kibovu. Nikiinamisha kichwa kumsalimu, alikigusa kwa kiganja kama mkubwa yeyote wa Kimaasai, ingawa kwao hawasalimiani hivyo. Mkono wake ulinuka vitunguu, na niliupenda sana.

Basi ikafika sikukuu ya shule. Wasichana wote wa kucheza walikuwa na mikufu ya shanga yenye sarafu katikati. Wangu haukuwa na kitu. Nikakumbuka kopo. Mbele ya macho yangu ile sarafu ilikuwa kama kazi iliyosahauliwa, kama sikio ambalo halijatogwa. Nikaiweka juu ya jiwe, nikachukua msumari wa inchi sita, nikagonga mpaka ukapita. Nikaitungia uzi.

Na jamani, ilifanana na zingine zote! Siku ile ya ngoma Koko mwenyewe aliishika kifuani pangu, akasema imependeza.

Ilichukua wiki kadhaa kabla haijatafutwa. Mnunuzi alikuja mpaka nyumbani na bei ya ng'ombe wawili, Koko akaleta kopo, akamwaga ugoro wote mkekani. Hakuna. Nilikuwa nimesimama hapo, mkufu umefungwa ndani ya sketi ya shule. Aliyelijua kopo lile, zaidi yetu, alikuwa mtu mmoja tu. Koko hakumshtaki wala hakupiga kelele. Alinituma nikate tawi la mgunga, nikalivuta mwenyewe mpaka kwenye pengo, nikaliziba. Miiba ilinichoma viganja na nikasema afadhali. Karo yangu ililipwa na ng'ombe wake wa maziwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka vibuyu vikakauka ukutani.

Tangu nianze kazi nimekuwa nikifuatilia bei. Mwaka mmoja zilipatikana kadhaa kama yangu kwenye sanduku la marehemu fulani huko ng'ambo, bei ikaanguka, na mimi, aki nisamehe, nikafurahi, nikanunua nyama. Nilihisi kosa langu limeshuka nayo. Lakini ilipanda tena. Nikampelekea yangu muuzaji mmoja Nairobi, akaiangalia kwa kioo cha kukuzia, akaona kingo za tundu zimechanika. "Nani alifanya hii?" akauliza. Nikasema sijui.

Juzi hiyo, mvua ilipokatika, nilipitia nyumbani nikachukua mkufu, nikaenda kwa yule mama jirani. Bado yuko palepale, amezungukwa na magorofa ya kupangisha, na lile pengo sasa ni ukuta wa mawe. Alikuwa barazani, akichagua mahindi kwenye ungo. Nikainamisha kichwa, mkono ukaja, vitunguu vilevile. Nikaweka mkufu mapajani pake, nikasema yote bila kupumua.

"Na koko yako alijua?"

"Hapana. Sikumwambia."

"Mpaka akafa?"

"Mpaka akafa, mama."

Akapitisha kidole kwenye tundu. "Sasa hii ni pesa ngapi?"

"Ingekuwa nzima, ni ng'ombe wengi. Hivi ilivyo, si kitu."

"Siku ya kumzika nilisimama pale nje na sufuria ya muthokoi," akasema. "Hakuna mtu alinifungulia."

Nilijua. Nilimwona siku ile kupitia dirisha la jikoni, nikiwamiminia wageni chai.

Akanirudishia mkufu. Nilitamani anitukane. Nilitamani hata mara moja tuwe tena jioni ile, wazee wawili mlangoni, kopo katikati, nami nakamua. Sasa hakuna mbuzi, hakuna ua wa miiba, na kila mmoja wao nilimnyang'anya mimi wa kucheka naye. Nikainuka kuaga, nikainamisha kichwa tena, nikangoja. Nilisikia mahindi tu, yakianguka kwenye ungo.