Siku Tuliyovunja Ukuta wa Mtaro

Redio ilitangaza Jumatano asubuhi kwamba sisi wa kanda ya ziwa tutarajie mvua kubwa na upepo mkali kuanzia kesho yake mchana, na kwamba wenye mitumbwi wasiingie majini. Mama yangu alikuwa anakunywa uji. Aliitazama ile redio kama mgeni aliyesema neno lisilofaa, kisha akanigeukia.

"Wamesema upepo?"

"Wamesema na mvua, mama."

"Mvua naijua. Nimeuliza upepo."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Masika ya mwaka uliotangulia maji yalituingia ndani hadi magotini. Yalichukua unga, yakalowesha magodoro yote mawili, yakaangusha ukuta wa jiko. Lakini paa halikuguswa. Upepo ulikuwa adui ambaye hatukuwa tumepigana naye.

Nyumba yetu iko Mabatini, hapa Mwanza, chini kabisa ya kilima, pale vibanda vya biashara vinapoishia na nyumba zinapoanza kubanana na mawe makubwa. Aliijenga marehemu mume wangu, seremala aliyetoka Kagera akiwa kijana, chumba kimoja kimoja, kila mwaka akiongeza kidogo. Alifariki kabla hajapiga plasta chumba cha mwisho. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu hukaa kwenye baraza ya mbele. Mama nilimleta nikae naye baada ya kuvunjika nyonga. Anatembea kwa fimbo, na hasira zake ziko palepale.

Saa sita mchana kaka yangu alikuja na gari. Yeye anaishi Kiseke, kwenye nyumba yenye uzio na uwanja. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Shikamoo mama. Fungasheni, twende. Mdogo wangu, hii nyumba iko kwenye njia ya maji, na maji hayasahau njia. Achana nayo."

"Niachane nayo leo, au niachane nayo moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Nilishasema tangu mwaka jana."

"Basi mimi siendi. Mchukue mama."

Mama aligonga fimbo sakafuni. "Mimi siyo kabati, ati nachukuliwa. Nikienda Kiseke nitakaa sebuleni kwa watu, naangalia runinga, sijui huku kumetokea nini. Siendi."

Kaka aliondoka bila kuaga vizuri. Nilimsikitikia, maana alikuwa anatupenda kwa njia yake. Lakini lile neno lake, kwamba maji hayasahau njia, liliniingia vingine kabisa. Njia ya maji haikuwa nyumba yangu. Njia ya maji ilikuwa mtaro, na mtaro ulikuwa umezibwa na mtu.

Juu yetu kidogo kuna mzee mwenye gesti. Miaka miwili kabla ya hapo alipanua uwanja wake, akajenga ukuta wa matofali ya saruji kukatisha mtaro wa mtaa mzima. Tulipomlalamikia alituahidi, mbele ya watu, kwamba angeweka kalavati, njia pana ya zege ya kupitisha maji chini ya ukuta. Aliweka bomba. Bomba lenyewe lingeweza kuzibwa na kandambili moja. Ndiyo maana masika yaliyopita maji yalipofika kwenye ukuta yaligeuka, yakashuka kwenye uchochoro wetu kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Nilivaa kanga yangu nikapanda kwake. Nilimkuta kwenye kivuli cha lango lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama."

"Mzee, mvua inakuja kesho. Tunaomba utoboe ukuta wako kwenye mtaro, maji yapite."

Alinisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. "Mama, mvua ni ya Mungu. Siyo mimi niliyeileta."

"Ukuta je, ni wa Mungu?"

"Ukuta ni wangu," alisema, akacheka. "Na una gharama. Nenda ukapandishe vitu vyako juu ya meza."

Nilishuka. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa jirani yangu anayeishi juu ya mwamba, nyuma ya nyumba yetu. Huyu mama kazi yake ni kuvunja mawe na kuuza kokoto. Amevunja mawe ya Mwanza tangu tukiwa wasichana, na viganja vyake ni vigumu kama soli. Nilimweleza nilivyojibiwa. Alifuta jasho, akachukua nyundo yake kubwa, akaiweka begani.

"Leo au kesho?" aliuliza.

"Leo, kungali kweupe. Watuone."

Hilo ndilo lililokuwa muhimu kwangu. Sikutaka ionekane tumefanya kama wezi. Tulipita mbele ya maduka, wanawake wawili wa makamo, mmoja na nyundo na mwingine na sururu, na watu wakatufuata kwa nyuma wakidhani kuna ugomvi. Tulipofika kwenye ukuta mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshapata habari, amekuja mbio na shati halijafungwa vifungo.

"Mama zangu, mnafanya nini?"

"Tunafungua mtaro, mwenyekiti."

Aliutazama ukuta. Aliutazama mtaro uliojaa mchanga na chupa hadi juu. Akatazama kule ziwani, ambako kulikuwa bado kweupe. Nyumba yake nayo iko chini, nyumba tatu kutoka kwangu.

"Mimi sijawaona," alisema polepole. "Lakini mkibomoa, bomoeni vizuri. Msiache kifusi ndani ya mtaro."

Jirani yangu alitema mate mikononi. Pigo la kwanza lilitoa vumbi tu. La pili likatoa ufa. Kwa la tano tofali zima liliingia ndani, na yeye, mtu aliyezoea mwamba, akauangalia ule ukuta kwa dharau. "Huyu amechanganya mchanga mtupu," alisema. Mzee alitoka anapiga kelele, anataja polisi, anataja mahakama. Nilimjibu, "Nitakuwepo nyumbani, mzee, unapajua," nikaendelea kuchimba. Kufika jioni tulikuwa tumefungua tundu ambalo ndama angepita, na nusu ya mtaa walikuwa ndani ya mtaro na majembe, wanatoa taka.

Alhamisi asubuhi mimi na jirani tuligeukia nyumba. Tulijaza mchanga kwenye mifuko mitupu ya saruji, tukaipanga safu tatu mlangoni. Vitanda nilivipandisha juu ya matofali, cherehani na meza ya kukatia nguo nikaviingiza sebuleni. Vyeti, hati ya kiwanja na picha ya harusi yetu nilivifunga kwa nailoni, nikaviweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Madumu yote niliyajaza, kwa sababu hapa kwetu mvua ikinyesha sana maji ya bomba ndiyo hukatika kwanza. Nilipika makande sufuria kubwa. Juu ya bati tulipandisha mawe, tukapitisha waya kutoka ukingo hadi ukingo, na hapo niliona kasoro: kwenye sebule misumari ilikuwa imelegea, mbao zimeliwa na mchwa. Sikuwa na muda tena wa kufanya lolote.

Kaka alirudi. Alikuta mifuko ya mchanga, akakuta waya, akakuta habari za ukuta zimemtangulia njiani.

"Wewe una kichaa," alisema.

"Nisaidie kumpandisha mama kwa jirani."

Mama alikubali kwenda kule juu ya mwamba, ambako maji hayajawahi kufika, kwa sababu moja tu. "Pale naiona nyumba yangu," alisema. Kaka akainama na suruali yake ya ofisini, akambeba mama mgongoni, akapanda naye kwenye yale mawe hatua kwa hatua, mama akimwelekeza kwa fimbo kama anayechunga. Kisha akarudi Kiseke kwa wanawe.

Mimi nilibaki. Simshauri mtu yeyote afanye hivyo. Mwenye akili angepanda na mama yake. Lakini nilikuwa nimekaa miaka mingi nikiambiwa niondoke, kwa maneno laini na kwa maneno makali, na siku ile nilitaka nyumba isikutwe peke yake.

Saa tisa alasiri mwanga ulibadilika, ukawa wa rangi ya chai ya maziwa. Upande wa ziwa hapakuwa na ziwa tena, palikuwa na ukuta mweusi unaosogea. Nilizima swichi kubwa ya umeme. Upepo ulifika kabla ya tone la kwanza. Ulipiga ubavuni, ukapita, ukarudi, na mabati yakaanza kulia. Halafu mvua ya mawe, kelele ambayo hata mawazo yako huyasikii. Niliingia chini ya meza ya kukatia nguo, nikaisogeza cherehani karibu yangu.

Nilisikia misumari ya sebule inang'oka mmoja baada ya mwingine. Bati la kwanza liliinuka upande mmoja, likasimama wima kama mtu anayeamka, likaenda. Yakafuata mengine matatu. Anga iliingia ndani ya nyumba. Nilikuwa naogopa, na wakati huohuo nilikuwa natukana, kwa sauti, maneno ambayo mume wangu hakuwahi kuyasikia kutoka kwangu. Nilimtukana upepo kama mtu. Nilimwambia achukue bati, kuta ataziacha.

Kisha nikasikia mngurumo mwingine, wa chini, kutoka kilimani. Maji. Nilitambaa hadi dirishani. Yalishuka mekundu, yamebeba matawi na ndoo na kuku aliyekufa, yakafika kwenye ukuta wa gesti, yakasimama kama yanafikiri. Halafu yakapita kwenye tundu letu. Yalipasua kingo zake, yakalipanua, yakashuka mtaroni kwa kishindo hadi vioo vikatetemeka. Uchochoroni kwetu yalifika machache tu. Yakapanda safu ya kwanza ya mifuko, ya pili, yakakaa hapo. Hayakuingia mlangoni. Nilikuwa nimesimama kwenye sebule isiyo na paa, nimelowa chapachapa, maji yananimiminikia kichwani, huku mlango wangu ni mkavu. Nilicheka mpaka nikalia.

Mvua ilikatika kabla jua halijazama. Mama alishushwa na vijana wanne kwenye kiti. Walipofika uchochoroni aliwaambia wamteremshe, akamalizia hatua za mwisho mwenyewe kwenye matope. Aliangalia juu, akaona mawingu mahali palipokuwa na paa.

"Nililiona linaenda," alisema. "Limeangukia shuleni. Kesho watu wakalilete." Akakaa kitandani, akaomba makande.

Siku nne tulikaa bila umeme. Tope lilinuka dagaa na dizeli. Nguo za wateja niliziokoa zote isipokuwa sare mbili, na hizo nilizishona upya. Kaka alikuja Jumamosi. Kiseke hawakupata hata ufa, na hakuacha kulisema hilo. Lakini alikuja na misumari ya bati na mbao mpya, akavua viatu, akapanda juu ya paa na fundi, akapigilia siku nzima.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini na mtendaji wa mtaa. Mzee wa gesti alikuwa ameshafika, amevaa koti. Alieleza kwamba nimeharibu mali yake. Mtendaji akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli. Nilibomoa mimi na mwenzangu, mchana, watu wanaona."

Mtendaji akamgeukia. "Mzee, na wewe vyumba vyako vya nyuma vilipata maji safari hii?"

"Safari hii, hapana."

"Na mwaka jana?"

Mzee akaanza kufunga vifungo vya koti. Mtendaji akamwomba kibali cha kujenga juu ya mtaro. Alisema kiko nyumbani, akatoka kukifuata. Tulimsubiri hadi ofisi ikafungwa.

Kabla sijaondoka mtendaji alinishauri, kwa nia njema, niandike barua fupi ya kuomba radhi, ili tubaki majirani. Alinipa karatasi na kalamu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikaandika: *Mzee, ukuta wako niliuvunja mimi. Ukijenga daraja juu ya mtaro nitakuja kukusaidia kubeba zege. Ukijenga ukuta, nitakuja na nyundo.* Nikatia sahihi, nikaipeleka mwenyewe mpaka langoni kwake, nikamwamkia, nikamkabidhi mkononi.