Sinia la Maua na Ugali wa Babu

Mama alipotoka Homa Bay na sinia jipya la bati lililochorwa maua, mimi nilianza kukonda. Msicheke. Nasoma shuleni Rongo, najua kitu na kinachokisababisha.

Kwetu majiko ni mawili: la Mama, na la mama mdogo, mke wa pili wa baba. Jioni kila jiko hupeleka ugali kwa Babu, na aliyeubeba hula makombo. Wa Mama naubeba mimi.

Mama mdogo alipakua kwenye kikapu kidogo cha zamani, ugali ukajaa hadi ukamwagikia ukingoni. Mama akapakua kwenye sinia pana kama uwanja wa mpira, ugali ukakaa katikati kama kisiwa kilichosahauliwa ziwani. Na unga ni ule ule. Kibuyu cha kupimia wanaazimana.

Babu alitazama, akaguna. "Uhuru umekuja, ugali umeenda? Huyu mke wa mwanangu anatupimia siku hizi?" Kwa kuogopa kulala njaa akaumaliza wetu wote, wa kikapuni akaudonoa tu. Mdogo wangu wa jiko la pili akarudi na kikapu kizito.

"Kaka, leo utakula maua?"

Mama alikuwa ananingoja mlangoni. "Amesemaje kuhusu sinia?"

"Amesema wewe ni mchoyo."

"Mimi? Na unga ule ule!"

"Babu hakuona unga, Mama. Ameona bati."

Alinirushia mwiko, nikauepa. Lakini mke kuitwa mchoyo kwa wakwe si mzaha. Kesho yake akapakua kwenye kibakuli cha samaki, ugali ukavimba juu kama kilemba.

Babu akashtuka. "Nyakwara, mjukuu wangu, mama yako anataka kunipasua?" Akala nusu, akalegeza mshipi, akasukuma kibakuli. "Mwambie hakuna mwenye mkono wazi kama yeye."

Nilirudi mbio, mate yakinitangulia. Mama aliposikia alicheka hadi akakaa chini. Kisha macho yake yakaliangukia sinia, limeegemea ukuta bila kazi, akalihurumia. Akaninyang'anya kibakuli, akayamwaga makombo yangu katikati ya maua.

"Haya, mheshimiwa, kula."

Nikatazama. Mlima uliomshinda Babu umegeuka punje! Nikala hadi maua yakang'aa, halafu nikauliza kama sufuriani kumebaki ukoko.