Dola za Simu na Shamba la Mudaka

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi dada yangu mkubwa alinipigia simu kuniambia kwamba shamba lake la Mudaka, kando ya barabara ya uwanja wa ndege, limepata mnunuzi. Dada ni mjane, na nyumba yake ya Nyalukemba ilikuwa ikiteremka polepole pamoja na udongo. Bila ukuta wa mawe isingemaliza msimu mwingine wa mvua. Mnunuzi alitaja dola elfu kumi na nne. Angelipa kwa sarafu ya kidijitali, dola za simu kama wanavyoziita hapa, kwa kuwa mabenki ya mji yalikuwa yamefungwa.

Niliomba siku mbili. Mambo ya fedha sikuyasoma shuleni. Nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na daftari. Nilimwambia komisioneri, dalali aliyemleta mnunuzi, atume dola tano za majaribio. Zilipofika nilifuata zilikotoka, maana rejista ya sarafu hizi iko wazi kwa kila mtu. Anwani ya kidijitali iliyotulipa ilikuwa imelipa watu kumi na mmoja mwezi ule, kila mmoja kiasi kinacholingana na bei ya shamba. Kisha nikasoma masharti ya sarafu yenyewe, kurasa ishirini na sita za Kifaransa. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema pesa ya mtu yeyote inaweza kufungwa kwa agizo la serikali iliyoianzisha. Serikali hiyo si yetu.

Tulikutana na komisioneri sebuleni kwa dada.

“Mununuzi ni nani?” nilimuuliza.

“Kampuni, papa.”

“Ya inchi gani?”

“Ah, papa! Dola haiko na kabila.”

“Na yale mashamba ingine kumi na moja, yote iko kando ya barabara ya uwanja wa ndege?”

Aliacha kutabasamu. “Nani amekuambia?”

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimekisia tu.

“Mudogo wangu,” dada akasema, “weye unasomaka sana. Shamba uko nalo wapi?”

Komisioneri alicheka kuliko ilivyostahili.

Nilimweleza dada kwamba noti ikishafika mkononi, aliyeichapa hawezi kuizima. Hii inazimika. Serikali ya nje ikiuzoeza mji mzima kulipwa kwa pesa yake, itajua nani ameuza nini na amebaki na kiasi gani. Siku ikitaka kitu kwetu, haitahitaji askari.

Dada alitazama ufa wa ukuta. “Wakiizima, nitaenda kulia kwa nani?”

“Sijui.”

Alimrudishia komisioneri karatasi ya mauzo bila kutia sahihi. Zile dola tano nazo nilizirudisha.

Jirani wa Mudaka alilinunua shamba kwa noti, dola elfu tisa na mia sita. Ukuta ulijengwa, mfupi kuliko tulivyopanga. Mpaka leo sijasikia kwamba pesa ya wale kumi na mmoja imefungwa. Baadhi yao wamekwisha kununua mabati. Kila Jumatatu naifungua anwani ile ya mnunuzi, na bado inalipa. Kwa hesabu ya leo, dada amepoteza dola elfu nne na mia nne.