Sentensi Niliyoambiwa Niiondoe

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Nimeolewa kijiji cha Ngana, Kyela. Baba mkwe wangu alifundisha siasa chuo kikuu, na maisha yake yote ya kazi alichunguza Afrika Magharibi: wanajeshi waliopindua serikali, na wakulima wa kakao wa Ghana waliogoma kuuza. Sasa amestaafu, haoni vizuri, na kitabu chake cha mwisho hakijaisha. Mimi ndiye ninayemwandikia.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe, wala hamsemeshi. Wengi wameacha mila hiyo, mama mkwe hajaacha. Kwa hiyo baba hukaa chumbani, mimi nje ya pazia. Anasema, naandika, kisha namsomea. Kumsomea kunaruhusiwa kwa kuwa maneno ni yake.

"Profesa mzima, kafika Dakar na Accra, bado anamkimbia mkwewe!" wifi yangu hucheka. "Na wewe ukikutana naye njiani utaruka mtaroni?"

Niliwahi kuruka, na ndoo ya maji kichwani.

Mwaka huu nilipata nafasi ya kujifunza cherehani Kyela mjini. Mume wangu, ambaye hubeba mizigo mpakani Kasumulu, alisema kwenye simu, "Muombe baba." Nitamwombaje? Mama mkwe naye akasema, "Kitabu kwanza." Miezi minane tuko sura ya pili. Kila nikisoma, baba husema, "Futa, turudie."

Siku ya mwisho ya kujiandikisha, aliniambia nisome ukurasa wa jana. Nikasoma habari za wakulima. Nilipofika mwisho sikunyamaza. Kwa sauti ileile nikasema, "Mke wa mwanao anaomba aende mjini akajifunze kushona."

Mama mkwe aliacha kupepeta mchele. Nyuma ya pazia kiti kikatoa mlio, baba akakohoa.

"Sentensi hiyo si yangu," akasema taratibu. "Iondoe, mwanangu. Tuendelee."

Sikuwa nimeiandika popote. Lakini nilipitisha kalamu kwenye karatasi kwa nguvu, ili asikie nimeikata. Tukaendelea mpaka jioni. Darasa lilianza bila mimi.

Kama yupo msomaji aliyewahi kumwomba jambo mtu asiyeruhusiwa kumsemesha, tafadhali aniandikie alifanyaje. Barua itanifikia. Humu nyumbani barua zote nazisoma mimi.