Nilivyompokonya Mama Mkwe Ungo Wake

Nakumbuka siku moja hapa Mwandoya, mwanangu, nampa mama mkwe wangu uji, akaniangalia akauliza, "Mayu, umetumwa na nani?" Ananiita mayu, yaani mama, kama mgeni! Mimi, mkamwana wake mwaka wa nne! Uji ukanimwagikia mguuni.

Sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Nilipoolewa nilimkuta mama huyo anakata viazi vya michembe, vile vya kukausha juani, anachagua mbegu za mtama, na ng'ombe wakirudi anamjua kila mmoja na mama yake na bibi yake. Mimi nikataka sifa. "Mama, kaa tu, umechoka." Kisu nikachukua, ungo nikachukua. Majirani wakanisifu kweli. Yeye akaegemea ukuta kutwa, haongei na mtu, chumvi anajiongezea kila mboga, na mimi namwachia, eti namdekeza.

Mume wangu akasema mama amelogwa, tupeleke mbuzi kwa mganga. Na jina la mjane mmoja jirani lilishaanza kutajwa kuwa ndiye mchawi. Unajua huku kwetu jina likitajwa hivyo linaishia wapi.

Ndipo akafika mdogo wake mama mkwe, kutoka Lingeka. Hata maji hakunywa.

"Nani amemketisha dada yangu kama gunia la pamba linalosubiri gari?"

"Mimi, mayu. Namheshimu."

"Heshima gani ya kumzika mtu angali anakula?" Akamgeukia mume wangu. "Na wewe, mbuzi mwache zizini. Kesho mama yako anakwenda zahanati."

Zahanati wakakuta presha iko juu sana, wakasema nayo huharibu kumbukumbu. Wakampa dawa, chumvi wakakataza. Nyumbani nikamrudishia kisu chake na ungo wake. Hakupona kabisa, sikudanganyi. Jina langu mara lilimjia, mara halikumjia. Lakini alicheka tena, na viazi nilivyokata vibaya alinirushia. Na yule mjane alizeeka kwake kwa amani.

Basi sikia. Presha pima hata kama huumwi. Chumvi punguza, pombe achana nayo, tembea kwa miguu, lala ushibe usingizi. Ukipanda pikipiki vaa kofia ngumu. Kichwa hakina spea. Simu weka chini, ongea na watu. Mzee wako akianza kusahau, mpeleke hospitali mapema, usitafute mchawi. Na kazi anayoiweza mwachie, hata akiifanya polepole ukachukia.

Mungu akupe uzee wenye akili timamu, mwanangu, na watu wa kukaa nao. Haya, nenda salama.