Ile Skuli ya Mtaa Kaichora Nasra

Nasra kafa. Nnaiandika sentensi hii na mkono wangu wenyewe unaikataa.

Juzi juzi tu tulikuwa kwenye simu, yeye kitandani hospitali, anacheka mpaka anakohoa kwa sababu ya pweza niliyemuunguza. Kesho yake nikapigiwa na ndugu yake. Jamani, mtu anaondoka hivi?

Kwa msiomjua: Nasra alikuwa mchoraji wa majengo kama mie, shoga yangu tangu utotoni, na ofisini meza yake ilikuwa ubavuni mwa yangu. Mzaliwa wa Kiembe Samaki, jirani na uwanja wa ndege. Kasoma kule ambako ndege ikipita juu ya bati, mwalimu ananyamaza mpaka iende zake.

Ndiyo maana ofisi yetu ilipopata kazi ya kuchora skuli mpya ya mtaa wao, pamoja na kituo cha jamii humo humo, aliruka kwenye kiti. "Zuhura! Asubuhi watoto, jioni mama zao! Jengo moja, halikai bure hata saa!"

Hakuanza na kompyuta. Alibeba gunia la chokaa akaenda kuichora skuli nzima chini, kwenye kiwanja cha mpira, kwa ukubwa wake wa kweli. Kisha akawaita kina mama wapite humo.

Bi Mize, mshonaji wa pale mtaani, akasimama kwenye mlango wa chokaa, kashika kiuno. "Mwanangu, sufuria la pilau ya harusi litapita hapa kweli?" Nasra akaufuta kwa kandambili, akaupanua. Watu wakapiga vigelegele kwa mlango ambao haujajengwa!

Ule ulikuwa mlango wa kina mama, upande wa nyuma. Waingie ukumbini kushona, kusoma, kufanya shughuli zao, bila kukatiza madarasa wala kupita mbele ya wanaume barazani. Nasra aliupenda kuliko jengo lote.

Sasa nije kwa bosi wetu. Jina silitaji. Lakini wewe unasoma hapa, nnajua unasoma, kwa hiyo ntasema na wewe.

Nasra alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alitaka alazwe. Akaja kwako kuomba ruhusa, mie nimesimama naye mlangoni. Ukamwambia: "Presentation kwa wenye mradi wiki ijayo. Ukilala wewe, nani atamaliza? Maliza kwanza. Jina lako ntaliweka la mwanzo."

Akamaliza. Miguu imevimba kaiweka juu ya boksi la karatasi, pumzi zinakatika, anachora. Nikimwambia twende nyumbani ananijibu, "Bado ngazi tu, shoga."

Siku yenyewe tulikaa nyuma. Mchoro ukatokea ukutani. Jina moja tu. Lako.

Na mlango wa kina mama haupo! Pale umeweka maduka ya kukodisha.

Nasra alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Ofisini hakurudi tena. Alilazwa, akatolewa, akalazwa. Mara ya mwisho hakutoka.

Msibani ulikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Sisi wanawake tumo ndani, na kupitia dirishani nakusikia chini ya turubai unawaambia watu, "Alikuwa kama binti yangu." Mama yake alisikia. Akajifunika uso kwa kanga. Pale pale nikala kiapo.

Wengi wamenambia, muachie Mungu. Ya akhera nimemuachia. Ya hapa duniani nimeyachukua mie.

Jumamosi iliyopita uliitisha mkutano wa mtaa kuonesha mchoro "wako". Nilifika kabla yako. Kina mama walijaa mbele, kwa sababu nilipita kwao nyumba kwa nyumba, nikawaeleza yote kama yalivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Bi Mize akanyanyuka. "Mlango wetu uko wapi?"

"Mlango gani, mama?"

"Aliotuchorea Nasra. Tulipita humo sote."

Ukacheka. "Nasra alikuwa msaidizi wangu tu."

Wallahi, neno lile ndilo nililokuwa nnalingoja. Nikasimama na laptop yangu, nikatupia ukutani picha: Nasra kiwanjani, chokaa mpaka magotini, mtaa mzima umemzunguka.

"Wewe uko wapi hapa?" nikakuuliza. "Na daktari alipotaka alazwe, ulimwambiaje? Waambie watu. Mama yake yule pale."

Ukatafuta maji. Ukatafuta miwani, nayo umeivaa. Sheha, mkubwa wa mtaa, akakwambia taratibu, "Mzee, umeulizwa." Ukakusanya vitu vyako, na kina mama hawakukupisha. Ulitoka ubavu ubavu, huku mama yake Nasra anakutazama tu, hapepesi jicho.

Nilifurahi? Nilifurahi! Sitawadanganya. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikula nikashiba.

Jumatatu nikaacha kazi. Wenye mradi wameukataa mchoro wa maduka, na wamenitaka niurudishe ule wa kwanza, kwa jina la mwenyewe Nasra. Wanaosimamia taaluma yetu nao wameniita nikaeleze. Na wewe utaitwa. Utanikuta nshakaa.

Nasra, shoga yangu. Mama yako kaanza kula, kidogo kidogo. Jana kalitaja jina lako bila kulia. Mungu akupe nuru huko uliko, akusamehe ulipoteleza, akupokee kwa wema.

Lala sasa, mwaya. Upumzishe moyo wako ule uliochoka. Hasira niachie mie, nnazo za kututosha sote wawili.